Elfu thelathini za wawili

Ijumaa ilikuwa tarehe 21, tarehe ambayo mshahara uliopita umeshasahaulika na ujao bado haujapiga hodi. Saa kumi na moja jioni shoga yangu akanitumia ujumbe wa maneno mawili: "Una ngapi?" Nikamjibu kumi na tano. Naye alikuwa nazo kumi na tano. Elfu thelathini, watu wawili, Sinza, Dar es Salaam. Nauli ya kurudi humohumo.

Tukaanza kwa kukosea. Tulikaa barabarani, upande wa Shekilango, sehemu moja yenye taa za bluu na makochi. Bia ikaja kwenye sinia, na kitambaa juu. Elfu nne na mia tano kila moja! Chupa ileile, kiwanda kilekile, ubaridi uleule. Tulikunywa mojamoja kwa adabu sana, tukilamba hadi tone la mwisho, tukaondoka na elfu ishirini na moja. "Tumelipia kochi," akasema shoga.

Tukaingia ndani ya mitaa. Shoga ana nadharia yake kuhusu baa za bei yetu, na miaka yote sijaweza kuipinga: mtafute mzee anayekunywa bia ya Safari ya moto, isiyopita kwenye friji. Mzee wa namna hiyo anajua bei ya bia kwenye kila kaunta ya kata nzima, na ikipanda mia mbili anahama. Ukiona watatu wamekaa pamoja, chupa hazina hata jasho, vuta kiti. Kiti chenyewe kiwe cha plastiki. Mimi huwa naongeza kuwauliza vijana wa bodaboda, kwa sababu wao ndio wanaowarudisha watu nyumbani na wanajua nani alitoka wapi akiwa bado na hela ya kuwalipa.

Wazee wetu tuliwapata nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Uwanja wa mchanga, mwembe mmoja, runinga iliyofungiwa kwenye kizimba cha nondo kama mhalifu. Bia elfu mbili. Jikoni kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nusu kilo elfu saba, ndizi mia tano moja. Tukaagiza nusu ya kukaanga na ndizi nne, ikaja kwenye sinia la bati pamoja na kachumbari, ndimu na pilipili iliyonifanya nipige chafya. Sitaielezea sana ile nyama, maana naandika nikiwa na njaa.

Hapo unalipa bia ikifika mezani. Wengine hukasirika, wanaona wanadharauliwa. Zamani nilikuwa mmoja wao, mpaka mhudumu mmoja aliponieleza kwamba mteja akikimbia na bili, deni linakatwa kwenye mshahara wake yeye. Tangu siku hiyo hela yangu naishika mkononi kabla kizibo hakijafunguliwa.

Marehemu baba alikuwa mtu wa Msondo. Bendi ile ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na yeye kama mfanyakazi aliiona ni mali yake. Alikuwa anasema ukishalipa kiingilio mlangoni, bia mbili zinakufikisha alfajiri, kwa sababu muda mwingi uko unacheza. Hakuwahi kusema mama alikuwa wapi usiku huo. Nimewahi kumuuliza mama. Akacheka, akasema, "Nani angeniacha nikae baa peke yangu?"

Nilimkumbuka mama pale tulipomaliza chupa ya pili. Mhudumu alikuja na bia mbili ambazo hatukuagiza, akaziweka mezani bila kuzifungua. "Zimetoka kwa yule baba wa shati la drafti."

Kwa mwanamke, bei ya bia iliyoandikwa ukutani ni nusu ya habari. Bia ya ofa haina bei, na ndiyo ghali kuliko zote. Ukiinywa, baada ya robo saa kiti kinasogezwa. Ukiikataa, unaitwa mwenye maringo, na baa ndogo hivi haina pa kujificha. Wahudumu wenyewe wana ujanja wao: wakipewa ofa wanaiacha kaunta, wakifunga hesabu wanachukua hela yake. Sisi wateja hatuna mlango huo.

Tulikuwa na elfu nne. Nauli yetu yote. Shoga akanitazama, nikamtazama. Kisha akamwambia mhudumu, "Dada, hizi tunazipokea. Mpelekee na yeye mbili, anazokunywa, hela hii hapa." Akanyanyuka, akatembea mpaka kwenye ile meza, akapiga goti kidogo kama binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, baba."

Meza nzima ikanyamaza. Yule baba akashika chupa, akaiachia, akaangalia wenzake. Angefanya nini?

"Marahaba, mwanangu," akasema, na wenzake wakaangua kicheko mpaka mmoja akamwaga kinywaji. Hakuna kiti kilichosogezwa usiku ule. Tulipoondoka alitupungia mkono na kutuambia tuwasalimie wazazi.

Saa sita kasoro tulikuwa barabarani bila hata mia. Kijana wa bodaboda wa kijiwe cha kwetu akatutambua, akatupakia mshikaki, sisi wawili nyuma yake, akaendesha polepole mpaka getini. Tulimwambia hatuna kitu. "Kesho, dada zangu." Asubuhi nikakopa elfu mbili kwenye simu nikamtumia, na deni likabaki kwangu.

Shoga ameshaniandikia tena. "Yule baba wa drafti, umeona alivyokuwa anacheka? Nadhani ni mtu mzuri." Bado sijamjibu.