Kete 54 kwenye baraza ya kahawa

Mara ya kwanza nilipojaribu kuwaeleza watu wa barazani kwetu nilichosomea chuoni, yaani sosholojia, elimu ya jinsi watu wanavyoishi katika jamii, mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga funda la kahawa, akaniuliza: "Sasa mpwa wangu, hapo ulikuwa unasema au unatafsiri?"

Wakaangua kicheko. Nilicheka nao, ila iliniuma kwa sababu alikuwa amenipata. Nilishataja "mtaji jamii" kama mara nne, na "miundo" sijui mara ngapi.

Baraza yenyewe iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Jioni kuna birika la kahawa, kashata, bao, na vijana waliotoka kubeba samaki kwenye soko la Deep Sea. Mazungumzo yao hayabadiliki: fulani kapata kazi, kapitia kwa nani? Swali hilohilo wanasosholojia wamelichimba miaka mingi, nami nilishindwa kulizungumza mbele ya watu wanaolala na kuamka nalo.

Niliyetaka kuwaletea ni Mmarekani, Mark Granovetter, na makala yake ya 1973 kuhusu watu wanavyopata kazi kupitia wanaofahamiana nao. Yeye alisema nguvu iko kwenye mahusiano dhaifu. Nikatafsiri hivyohivyo. Kumbe kwa masikio ya barazani, uhusiano dhaifu ni ndoa inayokaribia talaka! Mzee mmoja akanikatiza: "Kikiwa dhaifu, nguvu kinaitoa wapi?"

Neno nililipata kwa mama muuza mihogo, tena bila kulitafuta. Nilimuuliza kama anamfahamu fundi baiskeli wa mtaa wa pili. "Ah, yule ni mtu wa salamu tu," akanijibu. Nikalipa mihogo yangu, nikarudi nyumbani kufuta ukurasa mzima. Watu wa salamu: ndio hao hasa aliokuwa akiwazungumzia Granovetter. Ndugu yako na rafiki yako wa kila siku wanajua yaleyale unayoyajua, kwa sababu mnakaa pamoja na habari zenu ni moja. Mtu wa salamu anatoka kwenye baraza nyingine, kwa hiyo anakuja na habari ambazo kwenu hazijafika.

Zikabaki takwimu. Makala inasema katika waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 walikuwa wakionana naye mara kwa mara, asilimia 55.6 mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Nilipoyasoma hayo kwa sauti, macho ya watu yalikwenda barabarani. Nusu mtu barazani hakuna. Nikarudi kwenye makala na kukuta waliohesabiwa walikuwa 54, na nikipiga hesabu napata watu 9, 30 na 15. Basi!

Siku ile bao lilikuwa limepumzika. Bao letu lina kete 64. Nikaomba ruhusa, nikatenga kumi pembeni, zilizobaki nikazipanga juu ya saruji mafungu matatu. "Hawa tisa, aliyewapa habari ya kazi walikuwa wakionana naye angalau mara mbili kwa wiki. Hawa kumi na tano, mara moja kwa mwaka au hata haifiki. Hawa thelathini wako katikati." Fungu la kati lilikuwa kubwa mpaka likamwagikia miguuni mwa mtu. Hakuna aliyetazama barabarani.

Tangu hapo naanza na nani aliulizwa, wapi, wangapi. Zamani niliona hiyo ni sehemu ya kuchosha, kumbe ndiyo wanayoitaka watu, maana ndiyo inayotenganisha utafiti na umbea. Nilipowaambia kwamba hawa ni wataalamu na mameneja wa kitongoji cha Boston, kijana mmoja mbeba samaki akadakia: "Kaka, hao wa ofisini. Mimi bosi anataka mtu wa kunidhamini. Mtu wa salamu atanidhaminije?" Hoja yake imo vitabuni. Yanjie Bian aliichapisha mwaka 1997 baada ya kuchunguza mji wa Tianjin, China, enzi ambazo serikali ndiyo iliyopanga watu kazini. Kule mwenye uwezo wa kukusaidia alihitaji kukuamini, kwa hiyo ndugu na marafiki wa karibu ndio waliofaa zaidi. Nilimweleza, akatabasamu kama aliyefunga goli.

Nikaandika karatasi moja, nikatoa kopi, nikazigawa. Kabla ya kutoa kopi nilimpa binti wa dukani aisome kwa sauti, na kila alipokwama nilipiga mstari. Hata hivyo nilikosea. Siku ya tatu mama mmoja akanijia mlangoni, kanga imefungwa kiunoni. "Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu ndugu hawana maana?" Kijana wake alikuwa amekataa kwenda kwa baba yake mdogo kuulizia kazi, eti utafiti umesema. Nilimwomba radhi mama yule, na toleo la pili likapata sentensi niliyopaswa kuiweka mapema: utafiti huu hauwaambii muwaache ndugu zenu, unaeleza tu habari ilipitia wapi.

Jioni ile ya kete, wakati nazirudisha, yule mzee wa "kikiwa dhaifu" alinishika mkono. Akazitazama zile kumi nilizozitenga pembeni.

"Hao hamsini na nne wote walipata kazi?"

"Wote, mzee wangu. Ndio walioulizwa."

"Na waliowauliza watu wa salamu wakakosa, kete zao ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akazichukua zile kumi, akazigawa mashimoni, akaniambia nikae, zamu yangu ya kucheza imefika.