Miaka minne naitwa bibi harusi: nilivyopambana na PCOS

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kihonda, Morogoro, niliolewa 2018 na mpaka 2022 majirani walikuwa bado wananiita bibi harusi. Kwa asiyejua uchungu wa hilo jina ngoja nieleze, mtaani kwetu mwanamke akishazaa anakuwa mama fulani, Mama Abdul, Mama Neema, jina lake la kuzaliwa linabaki kwenye kitambulisho, sasa wewe mwaka wa kwanza bibi harusi, wa pili bibi harusi, wa nne bado bibi harusi, na anayekuita wala hana nia mbaya, kaleta tu gauni lake umpunguzie kiunoni, lakini unaumia mpaka unashindwa kutunga uzi.

Hedhi yangu haijawahi kukaa sawa toka nimevunja ungo. Naona mwezi mmoja, napotelea mitatu, kuna mwaka niliona mara 4 tu mwaka mzima. Mama alikuwa anasema ukiolewa itajirekebisha. Ndevu za kidevuni nilianza kunyoa nikiwa na miaka 19, naamka kabla ya watu wote, hata mume wangu ilimchukua karibu mwaka kujua. Na shingo yangu kwa nyuma ilikuwa nyeusi, mimi nikidhani ni uchafu nasugua na dodoki mpaka nachubuka. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba hedhi, ndevu na ile shingo vyote vinatoka sehemu moja, hii hali inayoitwa PCOS, homoni kuvurugika mpaka mayai hayapevuki vizuri.

2021 ndio nikaenda kupiga ultrasaundi. Aliyenipima hakuniangalia hata usoni, akasema una vivimbe vingi kwenye mayai kushoto na kulia, kavae usubiri majibu. Nikatoka pale na neno moja tu kichwani, uvimbe. Nikawaza kansa, nikawaza kisu, nikawaza mume wangu ataoa mwingine, yote hayo kabla sijafika stendi.

Mama mkwe nilipomwambia akanishika mkono akasema, "Mwanangu, uvimbe unayeyushwa, usikubali kukatwa." Alitoa hela yake mwenyewe aliyouza mchele, laki moja na elfu themanini, akaninunulia unga wa dawa kwa mtu. Simlaumu hata kidogo, alinipenda, alifanya alichokijua. Nikanywa miezi mitatu, mchungu unakaa mdomoni kutwa nzima, hedhi haikuja. Baada ya hapo nikaingia kwenye sehemu moja ya binafsi wanayosema wanasafisha kizazi, laki tatu na nusu, wakanipa vidonge vya kuweka huku chini, nikawashwa na kutokwa na uchafu wiki mbili. Ile hela ilikuwa ya kununua overloki. Mpaka leo inaniuma, na inaniuma zaidi nikikumbuka pale kwenye benchi tulikaa wanawake kama kumi na tano, kila mtu na bahasha yake mkononi.

Aliyenifungua macho ni daktari wa kinamama kwenye hospitali ya serikali, mama mtu mzima, alikuwa na foleni ndefu lakini hakunikimbiza. Alichukua ile bahasha ya ultrasaundi akaigeuza nyuma, akachora duara, halafu ndani yake pembeni akaweka nukta nukta, kama punje za mtama zimepangwa kwenye ukingo wa sahani. Akaniambia, "Huu sio uvimbe mwanangu. Hivi ni vifuko vya mayai yako, kila kimoja kina yai limelala ndani." Kila mwezi vifuko kadhaa vinaanza kukua, kimoja kinawapita wenzake kinapasuka yai linatoka, kwangu mimi vinaanza vyote halafu vinakwama njiani hakuna kinachofika. Insulini, ile homoni ya kushughulikia sukari, ikiwa juu mwilini inasukuma ovari, yaani sehemu zinazotunza mayai, zitoe homoni za kiume kupita kiasi, hizo ndio zinaleta ndevu na chunusi na ndio zinakwamisha mayai, na ile shingo nyeusi ni alama ya hiyo hiyo insulini. Akamalizia, "Hakuna cha kuyeyusha hapa, usimpe mtu hela yako tena."

Nililia pale pale ofisini kwake. Sio kwa huzuni. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameniambia nina mayai.

Ile bahasha ninayo mpaka sasa, ipo kwenye droo ya cherehani.

Hakuniandikia PCOS kwa kuangalia picha peke yake, na hili naomba lieleweke maana kuna wadada wanaambiwa wana PCOS kwa ultrasaundi moja basi. Aliniambia wanaangalia vitu vitatu, hedhi isiyoeleweka, dalili za homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi, ukiwa na viwili kati ya hivyo ndio wanasema unayo, tena baada ya kuhakikisha sio shida ya thairoidi (tezi ya shingoni) wala prolaktini (homoni ya maziwa), maana hizo nazo zinavuruga hedhi hivyo hivyo. Nikatoa damu, nikapimwa na sukari. Kitu kingine alichosema, ukikaa miezi mingi bila kuona siku zako usifurahi kwamba umepumzika, ule utando wa ndani ya kizazi unazidi kuwa mnene na miaka ikipita unaweza kugeuka kansa, kwa hiyo hata usiyetafuta mtoto ikipita miezi mitatu hujaona nenda hospitali. Mimi nilikuwa nimekaa mitano. Wakanipima mimba kwanza, hakuna, nikapewa vidonge vya siku 10 vya kuleta hedhi, nikamaliza na baada ya siku chache ikaja.

Sasa mume wangu. Dokta alisema waziwazi, dawa za kupevusha mayai siandiki mpaka nione kipimo cha mbegu za baba. Mume wangu ni mpole lakini hapo alikuwa mbogo. "Mimi nina shida gani? Kwetu tumezaliwa tisa." Sikubishana naye, nilimpigia kaka yake mkubwa, shemeji yangu ana busara sana, sijui walizungumza nini jioni ile nje kwenye kigoda ila asubuhi aliniuliza tu wanafungua saa ngapi. Ukifika unaulizwa umekaa siku ngapi bila tendo, inatakiwa zisipungue mbili wala zisizidi saba. Majibu yake yalikuwa mazuri. Tulirudi na bajaji kimya kimya, tulipofika Msamvu ndio akasema, "Nisamehe mke wangu, miaka yote hii nimekuacha uubebe peke yako." Hata kama yasingekuwa mazuri nadhani lile neno lingenitosha kuendelea. Mimi nikafanya kipimo cha mirija ya uzazi, kile cha kuingizwa dawa halafu unapigwa eksirei, kinauma kama hedhi mbaya dakika chache halafu basi, mirija ilikuwa wazi yote miwili.

Upande wa chakula sikushinda njaa. Nilikuwa na kilo 89, dokta akasema ukitoa asilimia 5 tu mayai yanaweza kuanza kufanya kazi, nikapiga hesabu ni kama kilo nne na nusu, nikaona hii naiweza. Soda mbili za kibandani kila siku niliacha, chai nikanywa bila sukari nikikunja uso wiki ya kwanza, sembe nikabadili kuwa dona na tonge likapungua, nusu ya sahani ikawa mchicha au matembele, dagaa, maharage. Bodaboda ya asubuhi nikaiacha, nikawa natembea mpaka Msamvu dakika kama 45 ndio napanda gari ya mjini. Nikaanzishiwa na metfomini, dawa ya kusaidia insulini ifanye kazi, anza na kimoja cha miligramu 500 katikati ya chakula, sio kabla, maana nilijaribu kabla nikaendesha siku nzima na wateja wananisubiri. Miezi mitano nikafika kilo 83, na hedhi ilikuja yenyewe mara mbili. Niseme tu wembamba nao wanaipata, nina shoga yangu ana kilo 52 na anayo, kwa hiyo kumwambia mtu "punguza mwili utazaa" ni kumuonea.

Mwisho wa 2022 ndio nikaandikiwa dawa ya kupevusha mayai, letrozoli, siku ya 3 mpaka ya 7 ya hedhi. Nikaenda kununua duka la dawa, nikafungua kile kikaratasi cha ndani, nimeandikiwa dawa ya kansa ya matiti. Miguu iliisha nguvu nikakaa kwenye ngazi za duka la watu. Nikampigia nesi wa kliniki, akacheka taratibu akaniambia rudi kesho uongee na dokta. Dokta akanieleza ni kweli ilitengenezwa kwa ajili hiyo, inashusha estrojeni, homoni ya kike, kwa siku chache, ubongo ukiona imeshuka unatuma homoni ya kukuza yai, ndio maana wanaitumia, na kuna utafiti wa Marekani wa 2014, wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozoli waliojifungua walikuwa asilimia 27.5 na waliotumia klomifeni, dawa nyingine ya kupevusha mayai, 19.1. Nilirudi nayo nyumbani nikiwa nimeshaelewa. Cha muhimu uwe na uhakika huna mimba kabla ya kuanza, na usijinunulie mwenyewe kwa kusikia kwangu.

Mzunguko wa kwanza hakuna yai lililokua. Wa pili wakaongeza dozi, kifuko kimoja cha yai kikakua mpaka milimita 20, tukasubiri, hedhi ikaja siku ya sikukuu nyumba imejaa wageni, nikaenda kulia bafuni maji yanamwagika kwenye ndoo wasinisikie. Wa tatu sikumwambia mtu, hata mama mkwe. Mistari miwili niliiona Februari 2023, nikapima vipimo vitatu vya maduka tofauti.

Wiki ya 26 sukari ikapanda, kitu ambacho nilishaambiwa kwetu sisi ni rahisi kutokea, nikakaa nayo kwa chakula na kupima kidole. Mwanangu alizaliwa Novemba, kilo 3.1, na yule jirani wa magauni ndiye wa kwanza kuniita mama fulani, akiwa mlangoni na ndoo ya uji wa pilipili manga.

Watu wananiambia ukishazaa inaisha. Haijaisha. Baada ya kuachisha ziwa hedhi imerudi kuwa ile ile ya kuruka, na nikipitisha miezi mitatu naenda kliniki, na kila mwaka nakunywa ile glukosi gramu 75 asubuhi na njaa, nakaa saa mbili napimwa sukari. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye PCOS hawajagunduliwa, na mimi nikisoma hivyo namuona mdogo wangu. Ana miaka 19, likizo hii nimemkuta bafuni na wembe wangu, kafunga mlango. Sikumuuliza kitu pale pale. Usiku nilitoa ile bahasha kwenye droo nikamuonyesha zile nukta, nikamuuliza mara ya mwisho umeona lini, akahesabu vidole akasema mwezi wa pili. Sasa hivi ni wa saba. Alhamisi naenda naye.