Nilivyoipata bei ya dagaa wangu pale Kamanga

"Biashara ni mzunguko, mwanangu. Shusha bei." Ushauri huu alinipa mama wa meza ya jirani, ninayemheshimu sana, na wengine wakaitikia. Nikashusha. Pakiti ya dagaa wa kukaanga niliyokuwa nauza shilingi 500 pale kivuko cha Kamanga, Mwanza, nikaiuza 300. Wiki nzima nilishinda jikoni, macho mekundu kwa moshi, mikono inanuka dagaa hata nikishaoga. Pakiti mia na ushee ziliisha kila siku kabla jua halijazama, na watu wakanipongeza. Nilipokaa kupiga hesabu, dagaa wa soko la Kirumba, mafuta, mkaa na vifuko vilikula hiyohiyo 300 kwa pakiti. Nilikuwa nawakaangia watu bure! Iliniuma sana.

Usiku huo kijana wangu wa kidato cha pili alikuwa anachora grafu ya kwadratiki, ile inayopanda kama kilima halafu inashuka. Nikamwambia, "Baba, hebu tuchore na dagaa wangu."

Kwa 500 nilikuwa nauza pakiti 90. Nikajaribu 1,000 kwa wiki nzima (siku moja haitoshi, mvua ikinyesha kivukoni hakuna watu), zikatoka kama 50. Yaani kila nikiongeza 100, wanunuzi 8 wanapungua. Bei ikiwa x, pakiti ni 130 − 0.08x, na mauzo, yaani pesa inayoingia, ni x(130 − 0.08x).

Kijana akaanza kuandika fomula ndefu, nikamzuia. Mauzo yanakuwa sifuri mara mbili tu: nikigawa bure, na bei ikifika 1,625, hapo hanunui mtu. Kilima hiki pande zake zinalingana, basi kilele kiko katikati: 812.5. Nikaweka 800. Hesabu ilisema pakiti 66, na siku ya kwanza zilitoka 64! Mauzo yalipita 51,000, wakati kwa 500 nilikuwa naishia 45,000. Ila tembea na sarafu za 200, chenji inasumbua.

Tena mauzo siyo faida. Ukitoa gharama ya 300, faida ni sifuri kwenye 300 na kwenye 1,625, katikati ni 962.5. Ndiyo maana sasa nauza 1,000, nakaanga pakiti 50 tu, nabaki na kama 35,000.

Wakati wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa, bei mwaloni, kule wanakoshushia samaki, inapanda, gharama yangu inafika 400. Jirani ananihimiza nipandishe. Nimeshapiga: kilele kinasogea 50 tu, kinafika 1,012.5. Naiacha 1,000.