Cherehani ya Bibi Iliyogoma Kuzunguka

Nilipoishusha kutoka Marangu hadi Moshi mwezi Juni, cherehani ya marehemu bibi yangu haikuzunguka hata robo. Ni Singer 15K ya kukanyaga kwa miguu, na herufi hiyo ya K huonyesha kwamba ilitengenezwa Kilbowie, kiwanda cha Clydebank huko Uskoti kilichofungwa mwaka 1980. Mimi si fundi. Nilikuwa sijawahi kufungua hata kikasha cha bobini.

Nilivua mkanda, kisha nikalegeza kifungo cha duara kilicho katikati ya gurudumu la mkono. Gurudumu likazunguka kwa wepesi huku sindano ikibaki palepale, nami nikatambua kwamba ugumu umo ndani ya kichwa cha mashine. Nilikuwa tayari kukikaza tena na kulizungusha gurudumu kwa nguvu zote, lakini mzee mmoja anayeshona barazani karibu na soko la Mbuyuni, niliyemwendea kumwamkia na kumweleza shida yangu, alinizuia. "Usilazimishe, mwanangu. Uliza kwanza walikuwa wanaitia mafuta gani." Nilimpigia simu shangazi, naye akasema kwamba mafuta ya cherehani yalipokosekana walitia ya kupikia.

Hicho ndicho kilikuwa kiini cha tatizo. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani kwa miaka huganda na kuwa gundi ya rangi ya kahawia, na gundi hiyo ikiingia kati ya chuma na chuma, nguvu ya mikono huweza kuvunja kitu kabla ya kuiachanisha. Dawa yake ni mafuta ya taa na subira. Nilidondosha matone katika kila tundu la mafuta, nikafungua bamba la ubavuni ili nifikie mhimili wa sindano, nikailaza mashine chali na kulowesha viungo vyote vya chini, kisha nikaiacha hadi asubuhi. Sehemu zenye maua ya dhahabu sikuzigusa kwa spiriti, kwa maana huyeyusha vanishi ya zamani na kuondoka na maua yenyewe.

Siku ya pili gurudumu lilisogea upana wa kidole, mbele na nyuma. Siku ya nne lilizunguka, ila lilikwama kila lilipofika mahali pamoja. Nilipotoa ndoana inayozungukia bobini nilikuta nyuma yake uzi wa bluu umejisokota, uzi uleule wa sare za shule alizotushonea bibi. Nimeuhifadhi.

Mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi, kwa hiyo niliyafuta na kutia mafuta halisi ya cherehani, tone moja moja. Jumamosi nilishona kipande cha kitenge. Juu mshono umenyooka. Chini uzi bado unafanya vitanzi, dalili kwamba mkazo wa uzi wa juu haujatosha, na wiki hii nitavifungua visahani vinavyoubana nivisafishe.