Kabla Hujaisugua Sarafu Yako

Sarafu ya kwanza niliyoiharibu kwa mikono yangu mwenyewe ilikuwa ya fedha, na niliiharibu kwa nia njema kabisa. Ilikuwa imepiga weusi pembezoni, nami nikaona aibu kuiweka miongoni mwa nyingine ikiwa katika hali ile. Nikatafuta dawa ya meno na kitambaa, nikaisugua hadi ikang'aa kama kijiko kipya. Siku chache baadaye nilimwonyesha mkusanyaji aliyenizidi umri na uzoefu. Aliiinamisha mara moja tu chini ya taa, akanirudishia bila kusema neno, kisha akaomba kuona inayofuata.

Ilinichukua muda kuelewa alichokiona. Sarafu inapogongwa chapa, chuma chake hubanwa kwa nguvu kubwa kati ya mihuri miwili, nacho hutambaa kuelekea ukingoni kikiacha mifereji myembamba mno isiyoonekana kwa macho matupu. Mifereji hiyo ndiyo inayoakisi mwanga kwa namna ambayo, sarafu isiyotumika ikizungushwa polepole chini ya taa, miale huonekana ikizunguka usoni pake mithili ya spoku za gurudumu. Dawa ya meno ina chembe ngumu zilizowekwa makusudi ili zisugue. Chembe zile zilikuwa zimeifuta mifereji na kuacha mahali pake mikwaruzo midogo iliyolala upande mmoja, kwa jinsi mkono wangu ulivyokuwa ukienda na kurudi. Ni kweli kwamba sarafu ilikuwa iking'aa, lakini iling'aa kama sufuria iliyopigwa steelwaya.

Kosa langu la msingi, hata hivyo, halikuwa dawa ya meno. Lilikuwa kudhani kwamba weusi ule ni uchafu. Fedha hukutana na salfa iliyomo hewani, au inayotoka katika karatasi na mbao za kasha, na juu yake hujengeka utando wa salfidi ya fedha. Utando ukiwa mwembamba huonekana wa manjano. Ukinenepa hugeuka kuwa wa zambarau na buluu, kwa sababu ileile inayofanya mafuta yaliyotandaa juu ya maji yatoe rangi nyingi. Ukizidi huwa mweusi. Sasa jambo la kuzingatia ni kwamba fedha iliyomo ndani ya utando huo ilikuwa sehemu ya sarafu tangu siku ilipogongwa. Anayeuondoa utando anaondoa na fedha hiyo. Shaba nayo ni hivyohivyo: wekundu wake hugeuka hudhurungi kadiri inavyoungana na oksijeni, na hudhurungi hiyo ikishatulia huikinga shaba iliyo chini yake. Ukiivua kwa siki au ndimu, hubaki rangi ya waridi iliyopauka ambayo mtu aliyezoea shaba za zamani huitambua akiwa bado hajaishika.

Kwa hiyo mimi hujiuliza swali moja tu kabla ya kuigusa sarafu: kile kinachoniudhi kimekuja kutoka nje kikakaa juu ya chuma, au ni chuma chenyewe kilichobadilika? Ikiwa ni chuma chenyewe, naiacha.

Wapo watakaosema kwamba kusugua ni ushamba, na kwamba kuchovya katika dawa ya majimaji ni jambo jingine. Wana hoja kiasi. Dawa hizo, ambazo nyingi huwa na kemikali iitwayo thaiyourea pamoja na asidi, huyeyusha salfidi kwa sekunde chache bila kukwaruza chochote, na wauzaji wengi huzitumia kimyakimya. Sarafu ya fedha yenye umri wa miaka 150 iliyo nyeupe pe, ukiniuliza mimi, aghalabu imeshachovywa angalau mara moja. Lakini kila mchovyo huondoka na tabaka la juu kabisa, yaani tabaka lilelile lenye mifereji, na baada ya michovyo kadhaa sarafu hubaki nyeupe na mfu. Kampuni za kupima ubora wa sarafu kama PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC, iliyoanza mwaka 1987, hutumia kipimo cha alama 1 hadi 70. Sarafu wanayoona kwamba imesafishwa vibaya hawaipi alama hiyo ya kawaida, bali huiandikia kasoro yake kwenye lebo, na wanunuzi huishusha bei papo hapo. Sipendi kulitanguliza suala la bei, ila najua kuna wasomaji ambao hakuna hoja nyingine itakayowagusa.

Kuna hali ambapo kutosafisha ndiko kunakoharibu. Ile mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo wengi wetu tuliianzia, huvuja polepole na kuacha juu ya sarafu utando wa kijani unaonata, wenye asidi, unaokula chuma kadiri unavyoachwa. Huo umetoka nje, na unapaswa kuondoka. Ninachotumia ni asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato na mafuta: naimimina katika chombo cha kioo, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, naiacha sarafu ilale humo, naihamishia katika asetoni nyingine safi, kisha naiacha ikauke yenyewe bila kuifuta. Asetoni huyeyusha gundi, mafuta na mabaki ya plastiki, wala haili fedha, shaba au dhahabu.

Hali ya pili ni ya sarafu za shaba zenye unga wa kijani kibichi uliopauka, unaochipuka kwa vidoadoa na kurudi hata ukipanguswa. Hiyo ni kazi ya kloridi, aina ya chumvi, ambayo ikipata unyevu huendelea kuila shaba kwa ndani hadi itoboke. Sarafu ya namna hiyo huhitaji kutibiwa na kisha kuwekwa pakavu, na kama ina thamani ningeipeleka kwa mhifadhi wa makumbusho badala ya kujaribia nyumbani.

Zilizochimbuliwa ardhini nazo zina sheria yake, maana sarafu iliyofunikwa na udongo haisomeki kabisa. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yakibadilishwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa, na kijiti cha mti kilichonolewa, hufanya kazi kubwa kuliko asidi yoyote. Wanaoloweka katika mafuta ya zeituni kwa miezi hawajanishawishi, kwa kuwa mafuta hayo yana asidi zake zinazoidonoa shaba taratibu.

Sarafu yangu ya dawa ya meno bado ninayo. Kwa miaka mingi imekuwa katika bahasha ya karatasi, na sasa pembezoni mwake imeanza kuchukua rangi ya manjano inayoelekea buluu, kana kwamba inajisahaulisha. Nikiiinamisha chini ya taa, mikwaruzo bado inaonekana chini ya rangi hiyo, yote ikiwa imelala upande mmoja.