Kidege cha Mto Gura

Jamani, sisi watu wa Lamu tumezoea maji yanayojaa na kupwa kwa saa zake. Wiki iliyopita nilikwenda Nyeri harusini, nikapelekwa kuuona Mto Gura. Maji yananguruma mpaka mnazungumza kwa ishara! Baridi yake sitaki hata kuieleza.

Pale katikati, juu ya jiwe lililolowa, kidege. Mgongo kijivu, tumbo jeupe pe, kifuani kimstari cheusi chembamba kama cha wanja. Mkia mrefu, haupumziki: juu, chini, juu, chini. Ghafla kikaruka, kikamnasa mdudu hewani, kikarudi kwenye jiwe lile lile.

Ni kiluwiluji wa milimani. Wanaishi wawili wawili, jike na dume, wakishikilia kipande chao cha mto, na kiota hupenda kukijenga karibu na maporomoko. (Kelele zote zile, sijui wanalalaje.) Nilisimama dakika 40. Picha sina hata moja, vidole vilikufa ganzi.

Jana usiku barazani nikawasimulia wenzangu. Wakacheka: umekwenda kula pilau ukarudi na habari za ndege! Mjomba, aliyekuwa nahodha, akauliza jambo moja tu: "Mto huo waishia wapi?"

"Waingia Tana, mjomba. Na Tana yamwaga Kipini."

Akanywa kahawa yake taratibu. "Basi yale maji ya udongo tuliyokuwa tukiyalaani tukipita Kipini, mengine yametoka miguuni mwa kidege chako."