Siku moja ya kazi: ekipe ya sambaza Bukavu, mwezi wa saba

Saa tisa alasiri, upande wa Nguba, tunaanza na kamba. Ekipe ya kuvua sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ni mitumbwi mitatu iliyopangwa sambamba na kuunganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi inayotokeza mbele na nyuma. Wavu unaning'inia kwenye ncha za miti hiyo, kwa hiyo uzito wote wa usiku unaishia pale mti ulipofungwa mtumbwini. Kamba iliyolegea kidogo mchana huachia kabisa ikilowa na kuvutwa. Mti unateleza, upande mmoja wa wavu unashuka, na samaki wote wanatorokea huko. Tunakata kila kamba iliyochakaa, hata ile ambayo ingeweza kudumu wiki moja zaidi. Kuifunga upya gizani mawimbi yakipiga ni adhabu.

Wengine wanakomba maji kwa kibidoni kilichokatwa na kutafuta yanakoingilia. Mwanya kati ya mbao huzibwa kwa pamba na lami, kisha kipande cha bati kinapigiliwa juu. Mtumbwi wa katikati ndio unaangaliwa zaidi, kwa sababu ndio unaobeba samaki.

Halafu betri. Zamani ilikuwa karabai: mafuta ya taa, pampu, na kile kisoksi kinachovunjika tone la mvua likikigusa. Siku hizi ni taa za LED na betri za volti 12, na ubaya wake ni mwingine. Karabai ilikuwa inafifia polepole, mtu anaona na kupiga pampu. Betri mbovu inakata ghafla saa saba za usiku, samaki wakiwa wamekusanyika, na kundi lote linatawanyika. Betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti nyingi hata kama ni mgonjwa. Iache ipumzike saa moja au mbili ndipo upime. Ikiwa chini ya 12.4, haiendi ziwani leo.

Saa kumi na moja tunasukuma. Tuko wanane hadi kumi: kapita ambaye ndiye mkuu wetu, wapiga kafi, na kijana mmoja wa taa. Kiangazi ndicho chenye usiku wa baridi huku kwetu. Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa mwezi wa saba unapita kwenye koti. Nyimbo za Kihavu zinazosikika kutoka majini jioni zina kazi yake: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kafi zote zinaingia majini pamoja. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja haina usukani wa maana. Upande mmoja ukipiga kwa pupa, ekipe nzima inazunguka.

Upepo huo tunaulalamikia, lakini ndio unaotulisha. Maji ya Kivu yamelala kwa tabaka. Chini kabisa yana methani na kaboni dioksidi, hayana oksijeni, na hakuna samaki anayeishi humo. Kiangazi upepo unakoroga tabaka la juu hadi mita 60 hivi, rutuba inapanda, vijimea vinaongezeka, na vijidudu vinavyokula vijimea hivyo vinaongezeka pia. Sambaza anakula vijidudu hivyo. Yeye mwenyewe si mwenyeji: aliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu yalikuwa na chakula lakini hayakuwa na samaki wa kukila. Wataalamu wanamwita Limnothrissa miodon. Mama wa sokoni hana shida na hilo jina.

Saa moja usiku kapita anachagua mahali. Anakaa mbali na miamba, kwani wavu ukinasa chini unapasuka, na mbali na mpaka wa Rwanda unaopita humo humo majini. Upepo ukikusukuma ng'ambo ukiwa umesinzia, unaweza kuupoteza wavu na usiku mzima. Taa zinawashwa, wavu unashushwa mita 20 hivi. Kamba za pembe zina mafundo ya kupimia, na kila mshika kamba anahesabu kwa sauti. Pembe moja ikishuka mafundo matatu zaidi ya nyingine, wavu unakuwa mteremko badala ya sakafu.

Sasa ni kungoja. Mwanga unavuta vijidudu, vijidudu vinavuta sambaza, na giza la pembeni ndilo linalowafanya wabaki. Ndiyo maana mwezi mkubwa unatulaza nyumbani kwa wiki nzima au zaidi: ziwa lote likiwa na mwanga, taa yetu haina cha kuwaambia samaki. Ndiyo maana pia sikubaliani na wanaoongeza taa kila mwaka wakidhani watapata mara mbili. Taa nyingi zilizosambaa zinawasambaza samaki. Afadhali chache zilizoelekezwa katikati ya wavu, bila kumulika nje.

Karibu saa nne tunavuta mara ya kwanza. Kijana anazima taa za pembeni moja moja, akiacha nafasi kati ya moja na nyingine, mpaka inabaki ya katikati. Akizima zote kwa pamoja, wanashtuka na kuzama. Kundi linajikaza chini ya taa moja, na maji yanaanza kuchemka kwa vipovu vidogo. Kapita anatoa sauti. Mita za mwanzo zinavutwa taratibu ili wasihisi wavu. Ukishafika mita tano hivi chini yao, ni mbio. Pembe zote lazima zitoke majini pamoja. Aliyechelewa kidogo tu amefungua mlango, na hakuna ugomvi wa ekipe unaoanza haraka kama huo.

Samaki wanakusanywa kona moja na kutekwa kwa beseni. Tukiwa karibu na ufuko wanaingia pia wale wenye vidoa vya buluu vinavyong'aa, Lamprichthys tanganicanus, mgeni mwingine wa kutoka Tanganyika, aliyeonekana Kivu mwaka 2006. Tunawatenga, maana bei yao si ya sambaza.

Mivuto ni mitatu au minne kwa usiku. Kati ya mmoja na mwingine kuna bugali na sombe (kisamvu), chai ya termosi, na usingizi wa zamu. Wavu wa chandarua haupandi kwetu. Unazoa hata vitoto vya urefu wa kucha, na hivyo ndivyo samaki wa miezi ijayo.

Saa kumi na moja alfajiri tunarudi. Sambaza hasubiri mtu: jua likimpata kwenye beseni, tumbo linapasuka na bei inaanguka. Kwa hiyo mama wanunuzi wamekwisha kusimama ufukoni kabla hatujafunga kamba. "Kapita, wa leo ni wa mvuto wa mwisho?" Wanabonyeza tumbo, wanaangalia jicho. Aliyevuliwa saa nne na aliyevuliwa saa tisa wasichanganywe beseni moja. Mama atalipa bei ya yule mbaya kwa wote, na ana haki. Wengi wanachukua kwa deni na kulipa jioni. Daftari la kapita lina majina yao, na anayelipa vizuri anahudumiwa kwanza hata siku ya samaki haba.

Kila mtu anapata samaki wa mboga ya nyumbani kabla ya hesabu. Kisha zinatolewa gharama za kuchaji, kamba na chakula. Kinachobaki, kwetu nusu ni ya mwenye mitumbwi na wavu, nusu ya watu. Wengine wana mapatano tofauti. Sehemu ya pesa inaingia likelemba, mchango wetu wa kupeana pesa kwa zamu, siku hiyo hiyo, kwa sababu ikifika mtaani Kadutu haitarudi.

Saa mbili asubuhi wavu unasuuzwa na kutandazwa. Magamba na ute vikikaukia humo, panya wanaujia.

Kufikia saa nne baadhi ya samaki wako kwenye mafuta. Wanaoshwa mara tatu, wanachujwa kabisa, wanatiwa chumvi, wanaingia mafuta yakiwa moto sana, wachache kwa mara. Wakijazwa sufuria, mafuta yanapoa na wanakuwa uji. Vipovu vikipungua, watoe.

Waliobaki wanaanikwa kwenye kichanja cha waya kilichoinuliwa, safu moja tu, wageuzwe mchana. Kwa jua la mwezi wa saba siku mbili zinatosha, na kilo nne mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Kabla ya gunia kufungwa, mvunje mmoja katikati: akikatika kwa mlio, yuko tayari, akipinda, warudi wote juani, la sivyo ukungu utaanza chini ya gunia ambako mnunuzi haoni.